Kioo cha Gikomba

Futi kumi kwa kumi, Pipeline, ghorofa ya sita.
Mwenye nyumba kapaka buluu hadi kiunoni,
juu yake krimu, kama sare ya shule.

Nyaboke hakugusa ukuta.
Alivuta kamba toka msumari hadi msumari,
akatundika pazia: huku jiko, huku ndoto.
Kitanda akakipandisha juu ya matofali manne;
chini yake sufuria, viatu, gunia la makaa.

Dirisha latazama dirisha la jirani.
Jua hupita robo saa tu, kama anayedaiwa.

Akaleta kioo chenye ufa,
akakiegemeza, akarudi nyuma,
akakisogeza tena.

Jumapili nilimkuta mkekani,
kipande cha mwanga pajani,
anachambua mchele.

“Usisimame hapo,” akasema.
“Wanizibia sebule.”