Chujio la Nyuma

Mashine nilipewa bure
siku nyumba ya wageni ya Bi Nyadoi ilipofungwa:
tumbo jekundu, mkonga uliozungushiwa utepe,
magurudumu matatu, la nne lilipotelea ngazini.
Nikaipakia bodaboda hadi Amagoro
nimeikumbatia kama mbuzi wa mahari.

Wewe, Owora, ulikuwa na miaka sita
na kifua kilichopiga filimbi usiku.
Nilikwisha kuzijua sauti zake:
ile ya saa nane, nyembamba, kama birika linaloanza kuchemka;
ile ya alfajiri, iliyonitoa kitandani bila kandambili
kupapasa pampu ya buluu chini ya mto wako.

Tororo ina vumbi la kijivu, la kiwanda cha saruji,
linalotua bila kubisha hodi,
na lile jekundu, la malori yaendayo Malaba.
Yote mawili nilidhani nayajua.
Niliyafagia kila asubuhi,
yakarudi kabla sijaegemeza ufagio.

Basi nikawasha mashine.
Nikavuta zulia, nikavuta godoro, nikavuta pazia,
chumba kikang'aa.
Usiku ule ulikohoa maradufu.

Fundi Ofumbi
(usicheke, ndilo jina lake)
akafungua kijidirisha cha mgongoni,
akaingiza vidole vitatu, vikatokea upande wa pili.
"Mama Owora, hapa hapana kitu.
Mbele unavuta, nyuma unapuliza.
Vumbi kubwa limebaki mfukoni.
Lile dogo, lisiloonekana,
umelirusha likaelea hadi puani mwa mtoto."

Nilitaka kumwambia nilivyosugua
mpaka magoti yakachubuka.
Nikanyamaza.

Kikulacho ki nguoni, tuliambiwa.
Godoroni hakuna aliyetutajia.
Humo waliishi wadudu wasio na kivuli
wakila ngozi tuliyoipukutisha usingizini,
na samadi yao, laini kuliko unga wa muhogo,
ndiyo iliyokukaba koo.

Chujio lilitoka Mbale kwa basi,
limeviringishwa gazetini:
karatasi nyeupe iliyokunjwakunjwa
marinda kama ya sketi ya shule.
Bei yake nisiiseme. Kuku wawili, na deni.

Pamoja nalo kipande cha sifongo, cha kutangulia.
Sifongo huoshwa, fundi akanifunza,
hukaushwa siku nzima, isirudi na unyevu
ikaota ukungu, tukabadilisha adui kwa adui.
Nje usiianike, itajaa barabara.
Karatasi haioshwi. Hugongwa uani, taratibu,
mgongo kwa upepo, pua imefungwa leso,
na mtoto awe kwa jirani.

Mwezi ulipokwisha nikayafungua marinda.
Yalikuwa na rangi
isiyo ya barabara wala ya kiwanda.
Nikakaa juu ya ndoo, nikatazama:
manyoya ya paka wa Akisa, ambaye kwetu haruhusiwi,
chavua ya mihindi, nywele zako, nywele zangu,
na uzi wa kijani
wa sweta ya baba yako,
ile aliyoondoka nayo mwaka juzi.

Kumbe alikuwa bado humu,
tukimvuta kila pumzi.
Nikagonga mara tatu.
Nikagonga na ya nne.

Sitasema ulipona.
Januari, mwamba ulipofifia kwa vumbi,
pampu ilirudi mkononi.
Umeme ukikatika mashine hununa siku mbili,
na Ofumbi mwenyewe alisema chujio si daktari.

Lakini jana, saa nane, niliamka kwa mazoea
nikatega sikio.
Lori lilibadilisha gia huko mbali.
Sifongo ikadondosha tone kwenye beseni.
Kutoka kitandani kwako hakikuja kitu,
kisha pumzi, kisha pumzi,
na mimi nimeketi gizani
sijui mikono yangu niiweke wapi.