Aliyebeba Betri

Karani wa Honiara ana fomu, na fomu ina visanduku vitatu:
Nchi kavu. Majini. Angani.
"Tia alama moja tu, mzee. Kalamu hiyo hapo."
Jina nimempa: Irofiala.
Mwaka wa kuzaliwa amekisia mwenyewe.
Sasa kalamu iko mkononi, na mkono hautui.

Nilibeba betri.
Redio ya Bwana Harkness iligawanywa kwa watu kumi na wawili,
nami fungu langu likawa betri,
kwa kuwa mabega yangu yalikuwa mapana.
Tindikali ilivuja kila tulipopanda mlima.
Ilikula shati kwanza, halafu ikanila mimi.
Tazama, hapa. Hapa ngozi haijui tena jua wala baridi.

Kule kileleni kazi ilikuwa kuhesabu.
Ndege ishirini na nne, tukasema, zaelekea kusini.
Bwana akanong'ona kwenye chuma, chuma kikanong'ona ng'ambo,
na kabla jua halijapanda kiganja kimoja
wenzao walikwishapaa, wanazisubiri juu ya mawingu.
Zilianguka kama kumbikumbi waliopukutika mbawa.
Tulihesabu zilizorudi. Hiyo nayo ilikuwa kazi.

Usiku ulikuwa zamu ya bahari.
Manowari zilitafutana gizani mle mlangoni mwa visiwa,
radi bila mvua, mpaka vikombe vikatetemeka mlimani.
Asubuhi mawimbi yalileta watu weusi kuliko mimi,
weusi wa mafuta, na tulipowafuta nyuso
huyu alikuwa na macho ya buluu, yule hakuwa nayo.
Tukawahesabu vilevile.

Karani anakohoa. Foleni imejikunja hadi mlangoni.

Nchi kavu, basi. Niseme nchi kavu.
Shamba la mama yangu liko pwani, chini ya mteremko wa nyasi kali.
Nilishuka kutafuta chakula cha watu kumi na wawili
nikamkuta amechutama kati ya magimbi,
askari wa Kijapani, kofia imemzidi,
anatafuna gimbi bichi, midomo imemvimba.
Ajuaye gimbi bichi anajua: ni upupu uliomezwa.
Alilia huku akitafuna.
Bunduki ilikuwa imelala matopeni, wala hakuitazama.
Miaka kumi na tisa, labda; ndevu hana.
Nikamwonyesha kwa mikono: choma. Choma kwanza.
Nikampa kiberiti cha Bwana Harkness, njiti tano zimebaki.
Nikarudi mlimani. Katika hesabu ya siku ile
ndege zilikuwa tisa, meli tatu,
na mtu mmoja sikumtaja.

Sijaitua betri begani
nikauona moshi wake, mwembamba, umenyooka kama uzi wa fundi.
Si mimi peke yangu niliyeuona.
Ndege ikateremka. Na manowari, pale nje, ikageuza mizinga,
kana kwamba zinagombea gimbi moja.
Bwana Harkness akauliza, "Kuna nini pale?"
Nikajibu, "Shamba, Bwana."

Kwa hiyo, karani, nisaidie.
Mimi nilikuwa nchi kavu. Moshi ulikuwa angani.
Kombora la kwanza huenda lilitoka majini.
Kisanduku cha kiberiti hakimo humu.

"Mzee, urudi kesho?"
Nitarudi. Leo nakwenda shambani.
Lile shimo lilijaa maji mwaka uleule,
na mama, ambaye hakuwa mtu wa kutupa kitu, akapanda.
Magimbi hupenda maji. Pale hunenepa kuliko kokote,
nasi tunayala,
ila moto tunauwasha mbali, ng'ambo ya mto.