Zamu Yangu

Zamu yangu ya upatu iliangukia Julai,
mwezi ambao Loleza hajivui ukungu mpaka saa nne
na mawese huganda kwenye dumu kama mche wa sabuni.
Wenzangu wakauliza: Tusekile, unanunua nini?
Bupe alinunua kabati la vyombo. Anyelwisye, friji,
kana kwamba Isanga nzima si friji.
Nikasema: stoo.
Wakacheka. Stoo si kitu cha kupigia picha.

Miaka tisa nimekula kwa kupimiwa.
Mafuta ya mia tano. Robo ya sukari ndani ya gazeti.
Majani ya chai ya kuchemsha mara moja,
kitunguu kimoja, kilichoanza kuota.
Kila jioni Lusajo na kikombe chake cha bati
alishuka kichochoro kwenda kwa Chaula,
akinong'ona njia nzima asije akasahau:
mafuta ya mia tano, chai ya mia mbili, mama atalipa kesho,
mafuta ya mia tano, chai ya mia mbili,
mama atalipa kesho.
Anayenunua kidogo hununua ghali.
Hesabu hiyo naijua tangu zamani;
sikuwa na pesa ya kuandika jibu.

Jumamosi nikapanda Mwanjelwa na kanga mbili,
moja ya kuvaa, moja ya kufungia pesa kiunoni.
Mchele wa Kyela: nikatia kiganja, nikanusa,
nikatafuna punje tatu, mbichi, taratibu.
Muuzaji akaapa haujachanganywa.
Nikamwambia apunguze kiapo, aongeze bakuli.
Maharage ya njano, debe moja na nusu.
Dagaa wa Nyasa, wakavu, macho wazi.
Karanga. Alizeti lita tano.
Viazi vya Uporoto bado vina udongo wake mweusi,
nao sikuuosha: kiazi kilichooshwa hakikai.
Mbeba mkokoteni akaniuliza kama kuna msiba.
Nikasema hapana.
Akauliza: harusi?

Rafu alizipiga fundi Mwasomola, mbao za mlingoti,
kwenye kona ya chumba, nyuma ya pazia la kitenge.
Ndoo za rangi niliziosha siku mbili,
lakini maharage yangu mpaka leo
yanaishi ndani ya maandishi "Nyeupe ya Dari".
Mahindi niliyachanganya na majivu ya magunzi
kama mama alivyofanya kule Rungwe,
akiyageuza kwa mikono mpaka viwiko vikawa vya kijivu,
akimsemesha fukusi kama mpangaji asiyelipa:
humu hamna chumba, nenda.

Usiku niliamka mara mbili kuangalia.
Nikamulika kwa simu: ndoo, ndoo, dumu, gunia.
Nikasimama pale kimya
kama mtu aliyeingia kanisani siku isiyo ya ibada.
Sikuomba. Nilihesabu tu,
na hesabu ilikuwa bado ile ile.

Ila Lusajo.
Saa kumi na mbili jioni yuko mlangoni na kikombe.
Leo hapana, baba. Vyote vipo.
Akakaa. Akainuka. Akakaa tena,
miguu yake haijui pa kwenda.
Siku ya nne Chaula akatuma mtoto wa jirani:
Mama Lusajo amehama?
Au amekasirika kwa sababu ya lile deni?

Jioni hiyo maharage yametokota, yamepasuka vizuri,
nikanyoosha mkono rafu ya juu, nikapapasa,
rafu ya kati, nikapapasa,
nikapiga magoti, nikapapasa nyuma ya gunia.
Chakula chenye uzito wa watu wazima watatu
nimekipandisha kilima hiki,
na sikununua chumvi.

Nilipogeuka Lusajo alikwisha vaa viatu.
"Ya mia mbili?"
"Ya mia mbili."
Safari hii hakunong'ona. Nilimsikia mpaka kona:
chumvi! chumvi! chumvi!
mbwa wa watu wakimjibu.

Akarudi na chumvi, shavu moja limevimba pipi,
na ujumbe aliousema kwa pumzi moja:
Chaula anakusalimia,
anauliza huo mchele wa Kyela,
unapima?