Bisibisi

Jumatatu, mafuta hayajachemka sawasawa,
wao wameshafika.
Sempombe fundi cherehani, futi kamba shingoni.
Dondo wa spea za baiskeli.
Na yule Zahoro, asiye na kazi ila ana maoni.
Wanajaza benchi langu, Barabara ya Kumi na Mbili,
wanaagiza mihogo ya mia tano, watu watatu,
na Bisibisi anapandishwa kizimbani.

"Jana umeona? Krosi imemfuata mpaka kifuani,
kifua kikakataa.
Mpira umemdunda kama umegonga boma la Mjerumani."
"Krosi yenyewe ilikuwa mbovu."
"Mbovu wapi! Zamani ungemrushia ndoo ya maji
angeituliza, tone lisimwagike."
"Zamani. Zamani hata treni ilikuwa inafika."

Dondo anamtetea, Dondo ana deni naye.
Mwaka ule wa fainali, dakika ya themanini na nane,
Bisibisi alimzungusha beki mpaka beki akakaa chini
kama anayesubiri kunyolewa,
akafunga. Dondo alikuwa ameweka dau.
Lile dau ndilo lililolipa mahari.
"Mtu aliyekuozesha," anasema, "humzomei."

Sempombe yeye hupima kila kitu kwa inchi.
"Suruali zake nashona mimi. Kiuno kimeongezeka tatu
toka msimu wa juzi. Winga gani huyo?
Mpeni watoto awafundishe, mpeni kikombe, mpeni mbuzi,
lakini ile kumi na moja mvueni."

"Ana thelathini na moja tu," anasema Zahoro. "Klabu imeandika."
Wakacheka mpaka misumari ya benchi ikalia.
"Thelathini na moja ya klabu, au ya mama yake?"
Wakanigeukia.
"Mama Haridi, si mlisoma naye wewe?"

Nikageuza mihogo.

Tulikaa dawati moja, Makorora, la tano mpaka la saba.
Alinakili hesabu zangu, makosa na yote.
Siku ya kupigwa picha za mtihani aliazima viatu vyangu,
vya kike, vya kufunga ubavuni,
vikambana, akasimama navyo hivyohivyo, kidevu juu.
Mwaka aliozaliwa naujua. Ni wangu.
Najua na magoti yake yanasema nini alfajiri,
maana yangu hujibu
nikiinama kupuliza moto.
Gunia la mihogo nililitoa Mgandini kichwani, peke yangu.
Siku hizi nakodi mkokoteni,
na hakuna jukwaa la kupiga mluzi.

"Sikumbuki," nikasema. "Darasani tulikuwa wengi."

Ila sikuwaambia la jana, Mkwakwani.
Nilikuwa getini na beseni langu
niliposikia ukuta mzima unapaza: Mtoeni babu! Mtoeni babu!
Na katikati ya sauti zile moja niliijua.
Niliizaa.
Haridi aliporudi nyumbani nilimpakulia wali,
nikamnyima mchuzi. Hakuuliza.

Saa tano waliondoka, deni lao nimeliandika ukutani kwa mkaa.
Akaja yeye, anaisukuma baiskeli, hajaipanda.
"Pancha?"
"Wala."
Akaketi palepale alipohukumiwa,
ubao bado una joto la makalio yao.
"Wanasemaje?"
Ningeweza kumficha. Nilishamficha mara moja asubuhi ile,
nikaona inatosha.
"Wanasema pilipili imepungua."
Akanitazama. Nyusi yenye kovu ikapanda, ikashuka.
Halafu akacheka, kile kicheko cha kunakili hesabu.
"Basi ongeza."
Nikaongeza. Mkono ukateleza, ikawa nyingi.
Akala yote, machozi yanamtoka,
nami moshi ukanishika machoni,
kila mtu akasingizia chake.

Hakulipa. Hajawahi kulipa.