Kumbukumbu za Kikao cha Nne

Ajenda ya tatu: kituo kimoja cha kuwasaidia wanafunzi.
Mimi ndiye katibu, naandika wanachosema.

Hesabu hufundishwa Jumanne, chini ya ngazi.
Uandishi uko jengo la pili, ukimkuta Kwilasa.
Mshauri ana ufunguo, ila ofisi haina kiti.

Mwaka jana Nyanjige, mtoto wa Sengerema, alizunguka
na karatasi yake ya takwimu, mlango kwa mlango:
njoo kesho, si hapa, muulize yule,
hadi mtihani ukamkuta bado yuko njiani.
Hilo sikuliandika. Halikuwa kwenye ajenda.

Mhandisi akakunjua ramani, akaibana kwa vikombe vya chai.
Vyumba kumi na viwili. Kaunta moja. Mlango mmoja.
"Ila kuna jabali hapa," akasema. "Itabidi tulipasue."
Wakahesabu baruti.
Wakabishana rangi ya vigae.

Ndipo Bi Limi, aliyeleta chai,
akasimama na birika mkononi:
"Lile la karibu na taa? Mbona usiku wanalijaa?
Wa mwaka wa tatu huwafundisha wa kwanza,
wanaandika kwa chaki juu ya jiwe lenyewe.
Asubuhi napita na ndoo, nasita kufuta.
Huenda kuna mtu hajamaliza."

Kimya.
Upepo wa ziwani ukanyanyua ncha ya ramani.

Nikaandika: Jabali libaki. Mlango ulitazame.
Hakuna aliyependekeza hivyo.
Wote wakasaini.