Meza ya Mto

Mwaka juzi walitaka kioo.
Kioo cheusi, miguu ya chuma,
viti sita vyenye migongo iliyonyooka kama masista kanisani.
Nikapeleka Ilazo, nikapeleka Iyumbu,
kwenye nyumba ambazo plasta haijakauka
na mwenyewe bado anapapasa swichi za sebuleni.

Mwaka jana kioo kikawa ushamba.
Vidole vya watoto, alilalamika mama mmoja wa wizarani,
kutwa nafuta vidole!
Wakataka duara. Wakataka marumaru,
si marumaru yenyewe, karatasi yake:
naitandika juu ya ubao kama shuka la hospitali,
napitisha kiganja kufukuza hewa.

Safari hii Bwana Lechipya kanifungulia simu:
"Fundi, hii unaiweza?"
Mninga umepasuliwa kati, magome yameachwa yalivyo,
na kwenye ufa umelazwa mto wa buluu.

Nikacheka. Mto?
Huku kwetu mto ni mchanga.
Unauvuka na viatu vyako mwaka mzima,
halafu usiku mmoja wa Januari unapita na mbuzi wa watu,
asubuhi hauna habari nawe.

Lakini niliuweza.
Nikapima epoksi kwa kikombe cha uji,
nikatia rangi, nikamimina polepole, nikafunika turubai siku nne,
maana vumbi la Kizota halipigi hodi.
Inzi mmoja akaniwahi.
Yumo, upande wa kiti cha baba, mabawa wazi.
Sijamwambia mtu.

Jumapili tukaiingiza, watu watano,
mlango tumeung'oa.
Bibi Nyamwanji, mama yake Lechipya, alikuwa amefika kutoka Mvumi.
Akauzunguka mto. Akauliza,
"Maji haya yanakwenda wapi?"
"Hayaendi, mama. Ni mtindo."
Akagusa, akatazama kidole chake. Kikavu.

Wakaleta ugali wa uwele, wakaleta mlenda.
Bibi akachota tonge, akainua,
na uzi wa mlenda ukavuka buluu yote
kutoka bakuli hadi kidevuni.
Mkamwana akashika kitambaa, akasita.

Mimi nilikuwa nimesimama kusubiri salio langu, laki mbili na nusu,
nikamwona Bibi ameacha kutafuna.
Akapunga mkono juu ya meza: shuu.
Akangoja.
Akapunga tena.