Sungura Hatoki Nje

"Hatoki nje," nilimwambia Dokta Tweve,
"analala jikoni kwangu, kwenye boksi la sabuni;
hata ukungu wa Loleza anauonea dirishani."
Alikuwa anafunga koti, saa ya kutoka imefika.
"Na nyasi anazokula," akasema, "nazo zinalala jikoni?"

Nikakosa jibu.
Nyasi nazikata alfajiri nyuma ya reli, Iyunga,
zikiwa na umande, pale mbwa wa Ambokile wanapogaragara
na mbuzi wa mtaa mzima hupita wakidondosha tasbihi zao.
Nazibeba kwa gunia, nazimwaga mbele yake,
halafu nafunga mlango kwa makomeo mawili.
Eti namlinda.

Si wangu. Ni wa Tusajigwe, aliyekwenda bweni Njombe
akaniachia karatasi ya daftari, mistari kumi na tisa:
maji yabadilishwe, kabichi isizidi, asibebwe kwa masikio,
na wa mwisho, ameukoleza wino mpaka karatasi ikatoboka:
Baba, dawa ya minyoo na ya utitiri. Usingoje aumwe.

Alimwita Pareto kwa weupe wake,
jina la ua linaloua wadudu.
Ambokile alicheka mpaka akakohoa: "Sasa jina lenyewe si dawa?"
Akanitolea kichupa cha mbwa wake,
nusu tone tu, mdudu ni mdudu.
Nilikuwa nimeshakipokea.
"Hicho," alisema Dokta, "kinaweza kumuua sungura,
viroboto wakabaki kumzika."

Dawa hutolewa kwa uzito, na mimi mzani sina.
Tukaenda dukani kwa Mama Sekela,
tukamkalisha kwenye sahani ya maharage.
Kilo mbili na robo; robo nyingine ni kutetemeka.
"Angekuwa mchele ningekupunguzia," mama akasema,
akafuta sahani kwa kanga, akafuta tena.

Dokta akampekua kama barua ya mtu mwingine:
akafunua manyoya ya shingo, akatazama chini ya mkia,
akavuta sikio, akalimulika kwa tochi ya simu.
Safi. Akavuta la pili.
Safi.
"Basi tumwache," nikasema, nikiiwaza bei.
"Basi ndiyo siku yake," akasema.

Wahenga walitaja ufa, wakataja ukuta;
hawakusema kuna ufa unaozibwa
kabla haujaonekana, tena kwa pesa taslimu.

Pareto alipiga teke, akanichana kiganja,
akaenda kujibana nyuma ya debe la unga
akanipa mgongo hadi magharibi.
Nikaandika tarehe kwenye kalenda ya ushirika,
chini ya ile siku niliyompeleka Tusajigwe stendi
na sanduku lake: sweta mbili, blanketi zito,
vidonge vya minyoo, chandarua
(chandarua, Njombe, kwenye baridi ile!)
naye hakuwa anaumwa popote.
Alinitazama hivyohivyo, kwa pembe ya jicho.
Asingekuwa na adabu, angepiga teke.

Sasa ni saa tano. Jiko limebaki majivu.
Nimekaa gizani nasikiliza kama atajikuna.
Hajikuni.
Nasikiliza tena.